Wingu Halina Mitumba

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndio nisikuje kuumbuliwa kwa komenti.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta muziki mpya wa kufungulia video zangu. Sekunde kumi na tano, basi. Niko na boy wangu prodyuza, tumetoka mbali, anaishi Umoja kwa bedsita ambayo nusu ni kitanda na nusu ni studio. Nikamuuliza bei. Akaniambia, "Kwako wewe, elfu tatu." Nikaona elfu tatu ni doh nyingi kwa sekunde kumi na tano. Usiku huo nikafungua moja ya hizi programu za AI, nikaandika mistari miwili: ngoma ya kisasa ya Nairobi, besi nzito, honi ya matatu, mtu akicheka kwa mbali. Kabla maji ya chai yachemke nilikuwa nimeletewa mbili za kuchagua. Nikachagua moja, nikaiweka kwa video, nikaposti.

Watu wakaipenda. "Nani amepiga hiyo biti?" "Huyo prodyuza anapatikana wapi?" Na kati ya waliouliza alikuwemo yeye mwenyewe. Akanitumia ujumbe: "Maze hiyo ngoma ya mwanzo ni moto. Nani huyo?"

Nilikaa siku mbili bila kumjibu. Ningemwambia ni nani? Hakukuwa na nani.

Kwa hivyo ukisoma hii post usidhani naongea kama mtu msafi. Naongea kama mtu aliyeokoa elfu tatu, halafu akakaa chini kujiuliza ameuza nini.

Kila wiki naona mjadala ule ule ukizunguka: Je, AI itaua FL Studio? Je, Ableton na Logic wamekwisha? Mmoja anasema programu za kutengeneza muziki ziko kaburini, mwingine anasema AI ni mchezo wa watoto utapita. Mimi nasema swali lenyewe limekaa vibaya. Hizo programu hazitakufa. Kitu kinachobadilika ni namna zinavyouzwa. Tunatolewa kwenye soko la kununua chombo, tunapelekwa kwenye soko la kukodi matokeo, na kodi yenyewe ni ya dola, ya kila mwezi. Na mji kama Nairobi, ambao muziki wake umejengwa na vitu vya mkono wa pili, ndio utaumia kwanza.

Hebu nieleze vile boy wangu alianza, kwa sababu najua maprodyuza wengi mnaosoma hapa mlianza hivyo hivyo.

Alikuwa form two. Laptopu ilikuwa ya ex-UK, kibodi imekosa herufi mbili, betri haikai dakika kumi. FL ilikuja kwa flashi ya binamu yake. Ilikuwa kraki, tusidanganyane. Hakukuwa na mwalimu, hakukuwa na kadi ya benki, hakukuwa na intaneti ya maana. Kulikuwa na muda tu. Alikuwa anafungua ngoma za watu anazipenda, anajaribu kuiga kiki, anajaribu kuiga besi, anakosea, anarudia. Miaka mitatu hakuna mtu aliyemlipa hata bob.

Sisemi kraki ni sawa. Ni wizi. Lakini angalia kilichofuata. Alipoanza kupata kazi, alienda akanunua leseni yake, ile ya chini kabisa ya FL, dola 99. Image-Line, kampuni ya Ubelgiji ambayo ilitoa FruityLoops mwaka wa 1997, wana sera moja ambayo naona vijana hamuijui vizuri: ukinunua mara moja, matoleo yote yanayokuja unapata bure, maisha. Yeye alilipa mara moja, na mpaka leo anapakua toleo jipya bila kutoa shilingi. Laptopu ikifa, anaweka kwa nyingine. Bando ikiisha, anaendelea kupiga biti. Kampuni ikiamua kesho kubadilisha sera, ile iliyo kwa laptopu yake itafunguka tu.

Huo ndio ulikuwa mpango wetu. Kompyuta kuukuu, programu inayokaa ndani yake, na mtu mwenye njaa ya kujua. Kutoka siku za Ogopa na Calif, tukaja gengetone iliyolipuka 2018 na Lamba Lolo ya Ethic, mpaka arbantone inayokata ngoma za zamani na kuzishona upya, mtaa umekuwa ukichukua vifaa vya watu wengine na kuvifanya viongee lugha yetu. Hakuna mtu ng'ambo aliyetuuliza kama tuko tayari. Chombo kilifika, kikakaa, tukakizoea.

Sasa, nikisema hivi kuna msee lazima atanirukia: "Buda, hata dramu mashini zilipokuja watu walilia. Teknolojia ni teknolojia, tulia."

Sawa, tuongee dramu mashini basi. Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka wa 1980. Wanamuziki wengi wa wakati huo waliicheka, walisema haisikiki kama dramu halisi. Kufika 1983 Roland walikuwa wameacha kuitengeneza. Zile zilizokuwa zimeuzwa zikaanza kuonekana kwa maduka ya vitu vilivyotumika, bei ikashuka, na vijana ambao hawangeweza kununua mpya wakazichukua. Ile besi ya 808 unayoisikia kwa trap, kwa drill, kwa nusu ya nyimbo za simu yako, ilifika kwa hao vijana kwa njia hiyo.

Kwa lugha yetu, 808 ilikuwa mitumba. Ni kama koti la Gikomba. Mwenyewe wa kwanza alilitupa, wa pili akalivaa na likampendeza kuliko wa kwanza. Na la muhimu, Roland hawangeweza kuketi Japani na kubonyeza kitufe ili mashine ya mtoto wa New York izime. Ilikuwa kwa chumba chake. Ilikuwa yake.

Sasa niambie, mitumba ya AI ya muziki utaipata wapi? Hakuna. Suno haiko kwa laptopu yako. Iko kwa seva za wenyewe. Haiuzwi mkono wa pili, haihamishwi kwa flashi, mdogo wako hawezi kurithi akaunti yako ukihama. Hata hiyo kraki yenyewe haiwezekani, kwa sababu hakuna kitu umepewa cha kukraki. Unachopewa ni mlango, na mlango una mwenyewe.

Na mwenyewe anaweza kuufunga. Hii si hadithi ya kutisha watoto, ilishatokea. Juni 2024 kampuni tatu kubwa za muziki duniani, Universal, Sony na Warner, zilishtaki Suno na Udio kule Marekani kwa kufundisha mashine zao na rekodi bila ruhusa. Kesi ikaenda, ikarudi, halafu Oktoba 2025 Universal na Udio wakatangaza wameelewana. Vizuri, amani ni kitu kizuri. Lakini baada tu ya kuelewana, Udio wakazima kitufe cha kupakua. Watu waliokuwa wakilipia huduma, wenye nyimbo zao humo ndani, wakashtuka hawawezi kuzitoa. Walipiga kelele mpaka wakafunguliwa dirisha la saa 48 wabebe vitu vyao. Saa 48! Hata landlord wa Pipeline anakupa notisi ndefu kuliko hiyo.

Mwezi uliofuata Warner nao wakaelewana na Suno. Pamoja na hayo yakatangazwa masharti mapya yanayokuja: nyimbo za akaunti ya bure hutaweza kuzipakua, na wanaolipa watawekewa kiwango cha kupakua kila mwezi. Ona vile mambo yanaenda. Wewe unalipa, wewe unaandika maneno, halafu watu wawili wanaketi kwenye meza ambayo hukualikwa na wanaamua ni nyimbo zako ngapi utatoka nazo. Je, kuna mtu alikaa kwenye hiyo meza kwa niaba ya prodyuza wa Umoja? Wa Kisumu? Wa Mombasa?

Twende kwa pesa. Mpango wa kwanza wa kulipia wa Suno ni dola 10 kwa mwezi. Ule wa juu, ambao ndio una Studio yao, ni dola 30. Kwa shilingi hiyo ni kama 1,300 na kama 3,900. Ukilipa wa juu kwa miezi minne umetoa dola 120. Pesa hiyo ingekununulia ile FL ya dola 99 na ubaki na chenji ya bando. Najua, ile ya 99 haikuruhusu kurekodi sauti, lakini pia kuna Reaper, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 na inafanya karibu kila kitu. Tofauti kubwa inaonekana mwezi wa tano, wakati kazi zimekauka na huna kitu. FL bado inafunguka. Reaper bado inafunguka. Hiyo nyingine inakuomba kadi.

Mtu atasema, "Lakini hizo ni soko mbili tofauti, moja ni ya maprodyuza na nyingine ni ya watu wa kawaida." Zilikuwa mbili. Juni 2025 Suno walinunua WavTool, programu ya kutengenezea muziki ndani ya brauza. Septemba mwaka huo huo wakatoa Suno Studio, yenye traki, yenye kukata na kupanga, yenye kutoa kila ala peke yake. Yaani wametoka kwenye kukupa wimbo mzima, sasa wanakuja kukaa kwenye kiti cha FL. Na upande wa pili, zile programu za zamani nazo zinaelekea kwa AI. Logic Pro 11 ilikuja Mei 2024 ikiwa na mpiga besi na mpiga kinanda wa kompyuta wanaofuata kodi zako. FL waliweka kutenganisha sauti na ala tangu 2023, na baadaye wakaweka msaidizi wa kuongea naye. Wote wanakimbilia katikati. Swali ni watakutana kwa sheria za nani: za kununua au za kukodi?

Hapa nataka nieleweke, kwa sababu najua mtanipaka rangi ya mtu anayechukia AI. Siichukii. Kuna AI ya ndani na kuna AI ya juu. AI ya ndani ni ile inayokaa kwa mashine yako na kufanya kazi unayoiambia. Boy wangu ana kaseti ya babu yake, benga ya nyumbani, imerekodiwa chumbani na redio ya kaseti, gitaa na sauti na kelele za kuku zote zimechanganyika. Alitumia Demucs, programu ya bure iliyotolewa na watu wa Meta, akatoa sauti ya mzee kando. Laptopu yake ndogo ilichukua muda, ilipiga feni kama posho mill, lakini ilimaliza. Mama yake aliposikia sauti ya babake ikiwa peke yake, alitoka nje akakaa kwa ngazi. Hiyo ni AI, na naipigia makofi. Hakuna mtu atakayemfungia hiyo faili.

AI ya juu ni ile inayokaa kwa wingu, inakupa kitu kilichoiva, haikuonyeshi jikoni, na kila mwezi inakuuliza kama bado uko na pesa. Hiyo ndiyo napigana nayo.

Kuna hoja moja nzuri ya upande wa pili na sitaikimbia. Kuna msichana mahali fulani, hana laptopu, hana studio karibu, ana simu tu na mashairi kwa daftari. AI imempa wimbo ambao hangeupata. Ni kweli, na mtu akimcheka tutakosana. Lakini hebu tuangalie amepewa nini hasa. Akitumia akaunti ya bure, masharti hayamruhusu kuutumia huo wimbo kibiashara. Akimaliza mwaka atakuwa na nyimbo mia mbili na bado hajui kusogeza kiki moja mahali pake. Na si kwamba hakukuwa na mlango wa bure kabla. BandLab ni ya bure, inafanya kazi kwa simu, na kufika 2024 ilikuwa imepita watumiaji milioni 100. Huko msichana huyo angetengeneza kitu kibaya mwezi wa kwanza, kibaya kidogo mwezi wa tatu, na mwezi wa kumi angekuwa prodyuza. Umaskini unatibiwa na ujuzi anaobaki nao, na wimbo wa kuletewa haumwachii ujuzi.

Hoja ya pili huja na kidole: "Nyinyi wezi wa kraki mnataka kufundisha watu maadili?" Haya, nipige. Lakini Suno wenyewe, wakijibu kesi mwaka 2024, waliambia mahakama kwamba mashine yao ilifundishwa kwa makumi ya mamilioni ya rekodi, na kwamba kimsingi ilijumuisha faili zote za muziki zenye ubora wa kutosha zinazopatikana wazi kwenye intaneti. Utetezi wao ni kwamba sheria inaruhusu. Muziki wetu haukuwa umefungiwa kabatini, uko wazi kwa intaneti kama wa wengine. Kijana wa Umoja aliyechukua programu moja kwa flashi anaitwa mwizi. Aliyebeba karibu kila kitu anaitwa mvumbuzi na anatafutiwa wawekezaji: Novemba 2025 Suno walikusanya dola milioni 250. Mimi nasema tukianza kuhesabu wezi, tuhesabu kutoka juu.

Na hata huo umiliki unaouziwa, uangalie vizuri. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inasema mwandishi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya maandalizi ya kuifanya itokee. Kwa hivyo hapa Kenya una pa kuanzia ukitaka kujitetea. Lakini Marekani, ofisi yao ya hakimiliki ilisema Januari 2025 kwamba kuandika maagizo peke yake hakukufanyi uwe mwandishi. Sasa fikiria wewe ni prodyuza unayetaka kuuza biti kwa msanii wa huko, umuahidi ni yake peke yake. Unauza nini? Risiti ya kadi?

Tuje kwa nani ataanguka kwanza, kwa sababu huko ndiko soko la programu litavunjikia. Maprodyuza wakubwa hawaanguki. Ableton haianguki kesho. Kinachoanguka ni ngazi ya chini kabisa. Jingo ya duka la simu. Ngoma ya video ya arusi. Tangazo la sakosi la redio ya kijijini. Muziki wa kufungulia chaneli ya mtu kama mimi. Hizo kazi za elfu tatu ndizo zinamfanya mtu alipe stima huku akijifunza. Ndizo zilimfanya boy wangu anunue leseni ya kweli badala ya kraki. Ukiondoa hizo kazi, hujaondoa tu chakula chake cha leo. Umeondoa mnunuzi wa programu wa kesho. Watengenezaji wa plagini na sauti za kuuza, wale wadogo wanaouza kwa dola kumi na ishirini, wateja wao ni hawa hawa. Kampuni za programu zinazoshangilia AI ya juu zinakata mti ambao zimekalia tawi lake.

Na mwaka 2027 unakuja. Mnajua vile kampeni ni msimu wa mavuno kwa studio za mtaani. Kila MCA anataka wimbo, kila mgombea anataka jina lake likiimbwa kwa lori lenye spika nane. Hiyo pesa imefungua studio nyingi hapa nchini. Safari hii naona wakati ambapo kijana wa timu ya kampeni ataandika jina la mheshimiwa kwa simu na kupata nyimbo sita kabla lori lijazwe mafuta. Mheshimiwa ataokoa pesa. Studio ya mtaa itafunga. Na huyo huyo mheshimiwa atapanda jukwaani kuahidi kazi kwa vijana.

Nyimbo zenyewe zimeshakuwa mafuriko. Deezer, ile huduma ya Ufaransa ya kusikiliza muziki, walisema Januari 2025 wanapokea kama nyimbo 10,000 kwa siku zilizotengenezwa na AI tupu. Kufika Novemba mwaka huo zilikuwa 50,000, kama asilimia 34 ya zote zinazoletewa. Wimbo wako uliohangaikia wiki tatu unaingia kwa hiyo foleni.

Sasa tufanye nini? Sitaki kuwaacha na hasira tu.

Kwanza, kama unaanza, anza na chombo kinachokaa kwako. BandLab kwa simu, LMMS ya bure kwa kompyuta, Reaper ukipata hizo dola 60, FL ukiweza. Jifunze kosa lako liko wapi. Mtu anayejua kurekebisha atatumia AI kama kifaa. Asiyejua atakuwa mteja wake maisha yote.

Pili, ukitumia AI ya juu, na najua mtatumia, pakua kazi yako siku hiyo hiyo, kila ala peke yake, uiweke kwa diski yako. Udio wameshatufundisha.

Tatu, tupige kelele. Usiseme kelele za vijana haziendi popote. Machi 2023 Waves, kampuni kubwa ya plagini, ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, ni kulipia kila mwezi tu. Wateja waliwaka dunia nzima. Ndani ya siku chache kampuni ilirudi nyuma, ikarudisha leseni za kununua. Hawakuguswa na huruma, waliona wateja wanaondoka. Kila mara kampuni inayokuuzia inapotaka kugeuza ununuzi kuwa kodi, waandikie, waambie hapana, na umpe pesa zako yule anayekubali kuuza.

Nne, na hii ni yetu sisi watengeneza kontenti. Tuache unafiki. Tunalia algoriti inatunyanyasa, tunalia brandi zinataka video za bure, halafu tunaenda kumfanyia prodyuza kitu kile kile. Kama umefikisha watu wanaokutambua, unaweza kutafuta elfu tatu.

Kuhusu boy wangu. Siku ya tatu nilimpigia simu nikamwambia ukweli. Nilitarajia anitusi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndio maana ile honi iko kwa kodi isiyo yake. Nilidhani prodyuza alifanya makusudi." Halafu akaniuliza kama nimehifadhi faili za ala. Sikuwa nazo. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kimebanwa pamoja, ambacho siwezi kutoa honi wala kupunguza besi.

Nilienda kwake Jumamosi na elfu tatu zangu. Alifungua mradi mpya mbele yangu, akaanza na kiki, akaniuliza nataka watu wahisi nini wakiniona nikitokea. Hilo swali sikuwa nimewahi kulifikiria. Tulikaa saa nne. Stima ilipotea mara moja, tukangoja, ikarudi, mradi ukawa bado uko pale pale. Ngoma mpya mtaisikia kwa video ya Ijumaa, na jina lake litakuwa kwa maelezo, mstari wa kwanza.

Kwa komenti niambie jambo moja tu: kazi yako ya mwisho ya AI iliokoa shilingi ngapi, na hizo shilingi zingeenda kwa nani?